Leteni Sanduku Kwanza, Semina Baadaye

Niseme wazi tangu mwanzo ili mtu asinielewe vibaya: sipingi elimu. Mimi mwenyewe ni mtoto wa shule ya kambi. Nilisoma Kakuma mpaka nikamaliza kidato cha nne, na kazi ninayofanya sasa na vijana hapa Mangateen nimeipata kwa sababu najua kusoma, kuandika na kutafsiri. Ninachopinga ni hizi semina za "elimu ya fedha" zinazokuja kila mradi mpya ukianza, zikitufundisha kana kwamba sisi ni maskini kwa sababu hatujui kupanga pesa.

Mnazijua. Karatasi kubwa ukutani, safu tatu: mapato, matumizi, akiba. Mkufunzi anauliza, "Mkipata pesa mnazifanyia nini?" Wamama wanaangaliana. Mmoja anajibu, "Tunakula." Watu wanacheka, na mkufunzi anaandika kwamba jamii haina utamaduni wa kuweka akiba. Siku ya tatu ni vyeti, soda, picha ya pamoja na sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Kisha gari linaondoka. Hakuna anayerudi baada ya miezi sita kuuliza nani ameweka akiba, na ameiweka wapi.

Sasa niwaambie kuhusu wamama wa namna hiyo hiyo anayejibu "Tunakula." Nawajua wauza chai kumi wenye sanduk yao, ile ambayo Kenya tungeiita chama. Zamani walikuwa wanachanga kwa mwezi. Bei zilipoanza kupanda wakaona kitu ambacho hakimo kwenye chati: anayepokea wa mwisho anapata noti zile zile lakini sukari kidogo. Basi wakafupisha mzunguko, wakaanza kuchanga kila wiki, na kila mzunguko mpya aliyekuwa wa mwisho anakuwa wa kwanza. Akipokea, halali na pesa. Anaenda Konyo Konyo siku hiyo hiyo kununua gunia la sukari au mkaa, au anabadilisha dola. Hiyo ni hesabu ya mfumuko wa bei, imefanywa na watu ambao wengine wao hawajui kuandika majina yao. Nani hapo anamfundisha mwenzake?

Ukifuatilia utafiti wa elimu ya fedha duniani utakutana na maswali matatu maarufu. Yalitungwa na wachumi wawili, Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell, kwa ajili ya utafiti wa watu wazima Marekani mwaka 2004. La kwanza linahusu riba: ukiweka dola 100 benki kwa riba ya asilimia 2 kwa mwaka, baada ya miaka mitano utakuwa na zaidi ya 102 au pungufu? La pili linahusu bei kupanda kuliko riba. La tatu linahusu hisa za kampuni moja na hisa za kampuni nyingi. Maswali hayo, na mengine ya aina hiyo, yametumika kupima watu nchi nyingi.

Hebu yalete Mangateen. La kwanza tutashindwa wengi, kwani nani hapa ana akaunti inayolipa riba? La tatu tutashindwa, hisa hatujawahi kuziona. Lakini la pili! Kwenye la pili tuna shahada. Mpaka Desemba 2015 dola moja kwa bei rasmi ilikuwa pauni 2.95 za Sudan Kusini. Serikali ilipoiachia pauni, ikawa kama 18.5. Aliyekuwa na pauni 2,950 alikuwa na dola 1,000 kwenye karatasi za benki kuu. Siku chache baadaye akawa na kama 160. Sokoni watu walishajua zamani, kwa sababu bei ya mtaani ilikuwa imekimbia mbele. Mwaka 2016 takwimu za serikali zenyewe zilionyesha bei zimepanda zaidi ya asilimia 800 ndani ya mwaka mmoja. Halafu mtu anasimama mbele yetu kusema haba na haba hujaza kibaba. Ndugu yangu, hapa Juba kibaba chenyewe kinatoboka wakati unakijaza. Aliyetii somo akaweka pauni chini ya godoro alipoteza. Aliyenunua mbuzi alipona. Ile "tunakula" mnayoicheka mara nyingi ni uamuzi wa mtu mwenye akili.

Msidhani nasema kwa hasira tu. Mwaka 2014 watafiti watatu, Daniel Fernandes, John Lynch na Richard Netemeyer, walikusanya tafiti 201 zilizokwisha kufanywa. Walipopima kwa nini mtu mmoja anatumia pesa vizuri na mwingine vibaya, mafunzo ya fedha yalieleza asilimia 0.1 tu ya tofauti hiyo. Kwa watu wa kipato cha chini matokeo yalikuwa hafifu zaidi. Hata kozi za saa nyingi, baada ya miezi 20 hivi, faida yake ilikuwa karibu imeyeyuka. Ushauri wao: mfundishe mtu wakati ule ule anapotaka kufanya uamuzi, siyo miaka kabla.

Kuna watakaonijibu, na jibu lao lina uzito. Mwaka 2022 Lusardi huyo huyo na wenzake walichapisha uchambuzi mwingine, wa majaribio 76 katika nchi 33, wakakuta mafunzo yanasaidia kweli, kwenye maarifa na kwenye matendo. Sawa, nakubali. Lakini mafunzo yapi? Nchini Jamhuri ya Dominika, Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar waligawa wafanyabiashara wadogo. Wengine walifundishwa uhasibu wa kawaida, safu na jumla kama zetu. Wengine walifundishwa kanuni nyepesi: pesa ya biashara na pesa ya nyumbani zikae mahali tofauti, ukihamisha weka alama. Wa uhasibu hawakuonyesha mabadiliko ya maana. Wa kanuni nyepesi walibadilika. Makopo mawili yalishinda daftari.

Na karibu na kwetu, magharibi mwa Kenya, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na watu wa vyama vya kuchangiana. Kundi moja walipewa kitu rahisi sana: boksi la chuma, kufuli, na ufunguo akae nao mwenyewe. Akiba yao ya mambo ya afya ilipanda kwa kama theluthi mbili. Vyama vingine vilisaidiwa kuweka fungu la afya pembeni mwa mchango wa kawaida. Huko matumizi ya afya yaliongezeka zaidi ya mara mbili. Maarifa walikuwa nayo siku zote. Kilichokosekana ni mahali pa kuweka pesa ambapo mume, shemeji na jirani hawaifikii kirahisi.

Ndiyo maana nasema leteni sanduku kwanza. Mtu anayeishi kwenye kibanda cha turubai, mlango wake kamba, unamwambia aweke akiba wapi? Unamwambia afungue akaunti kwa kitambulisho gani, wakati wengi walikimbia mwaka 2013 na 2016 bila hata viatu?

Watu hujifunza pesa kwa kuishika. Kakuma, mwaka 2015, WFP ilianza kutoa sehemu ya chakula kama pesa ya simu, Bamba Chakula. Nimeona wamama wasiojua kusoma wakijua namba ya siri na kujua duka lipi linawapunja. Lakini wengine walikuwa wanamwachia mwenye duka laini yenyewe kama rehani ya deni. Hapo ndipo somo lilihitajika: deni lako ni kiasi gani, limeandikwa na nani, lini utarudishiwa laini. Nusu saa mbele ya duka ingefaa kuliko siku tatu hotelini.

Na sisi wenyewe tusijifiche nyuma ya makosa ya mashirika. Sanduk nyingi hapa hazina daftari, na mweka hazina akisafiri ghafla kundi linakufa na urafiki unakufa nalo. Vijana wa boda mnaona sanduk ni mambo ya wamama, halafu pesa ya siku inaisha kwenye kamari ya mpira. Wazee mnakaa kimya kijana anapokopa kwa riba ambayo hakuna aliyemweleza. Haya tunaweza kuyarekebisha bila mfadhili: watu watatu waijue hesabu, boksi liwe na kufuli mbili, na masharti ya mkopo yasomwe kwa sauti kwa Kinuer na Kiarabu cha Juba kabla mtu hajaweka dole gumba.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika naomba mambo manne. Kabla hamjafundisha, kaeni na sanduk moja mwezi mzima mkisikiliza. Sehemu ya bajeti ya ukumbi na fulana iwe maboksi, kufuli na msaada wa kupata vitambulisho. Fundisheni siku pesa inapotoka, pale pale inapotoka, jambo moja kwa wakati. Na baada ya mwaka rudini mhesabu akiba, siyo sahihi za mahudhurio.

Mkija hivyo, nitakuwa mtafsiri wenu wa kwanza. Mkija na chati ya safu tatu, nitatafsiri pia, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Lakini mama wa chai akisema "Tunakula," nitawaomba mumuulize kwanza kwa nini, kabla hamjaandika.