Likizo ya Malindi na Kiwanja cha Bibi



Likizo za shule zinakaribia, na kina mama wa pwani tuishio huku Uthiru tumekwisha kuanza kuhesabu fedha za chama na kuulizana nani anakwenda nyumbani. Nyumbani kwa wengi wetu ni Malindi, na Malindi ya leo ina sura mbili. Watoto waliozaliwa huku bara, waliozoea honi za Barabara ya Naivasha na baridi ya Julai, huiona kwanza ile iliyo mpya: hoteli, maduka ya aiskrimu, mabango ya Kiitaliano, na vijana wa ufukweni wanaoisema lugha hiyo kwa ufasaha.

Waitaliano hao hawakuletwa na upepo wa kaskazi. Katika miaka ya 1960 nchi yao ilijenga kituo cha kurushia roketi huko Ngomeni, kaskazini ya mji, na tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya Kimarekani ikarushwa kutoka huko, ikapewa jina la Uhuru. Baada ya wataalamu wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja wanunuzi wa nyumba. Hatuna ugomvi nao. Huku Uthiru pia tunao majirani wageni, wale wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI. Lakini hao huja kwa mkataba wa kazi, ukiisha wakaondoka. Wa Malindi wengi wao wamejenga, wakaishi.

Basi ushauri wetu ni kwamba siku ya kwanza msikimbilie ufukweni. Wapelekeni watoto mji wa kale, kwenye Msikiti wa Juma na makaburi ya nguzo yaliyo kando yake. Waambieni kuwa Malindi ilimpeleka twiga China mwaka 1415, miaka 83 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga hapo Aprili 1498. Nguzo ya Mreno iliyo rasini mtaiona baadaye. Wageni hupelekwa huko kwanza, na ndiyo sababu watoto wetu hudhani historia ya mji ilianza naye. Siku ya pili iwe ya Gede, mwendo wa kilomita 15 hivi kusini: msikiti mkuu, kasri na visima vya mji wa Waislamu, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Ndizi za watoto zifichwe mkobani, maana kima wa pale hawana haya.

Kwa manunuzi, ingieni sokoni. Khanga, halwa, achari na mabuyu ya kuwapelekea majirani hupatikana huko, na mwenye kuuza ni mama anayelea kama nyinyi. Zile paa za makuti zinazopendeza katika majumba ya wageni zimeshonwa na wanawake wa vijijini, kuti kwa kuti, kwa ujira mdogo. Nao watoto wetu wanastahili kulijua hilo wanapozipiga picha.

Lipo jambo zito kuliko matembezi. Ufuo ule ule unaouzwa kwa wageni ndiko viliko viwanja vya mabibi zetu. Ndugu waliobaki hufikiwa na madalali, na dada aliyeolewa bara husikia habari baada ya ukuta kujengwa. Katiba ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, muda usiozidi miaka 99. Wako wanaosema, basi hapana hasara, ardhi itarudi. Miaka 99! Atakayeipokea bado hajazaliwa mama yake. Na fungu la binti katika mirathi limetajwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe ndani ya Suratun Nisaa; si zawadi ya kaka, wala halifutwi kwa kuwa mwenyewe anakaa mbali.

Kwa hiyo asubuhi moja ya likizo hiyo itengeni. Mwenye nambari ya hati anaweza kwenda katika ofisi ya usajili wa ardhi, akalipa ada, akaomba upekuzi rasmi ili aone jina la nani limeandikwa na kama kuna deni. Akiona dalili ya kuuzwa kinyemela, sheria inampa mwenye haki nafasi ya kuomba zuio liandikwe dhidi ya hati hiyo. Ikiwa mirathi haijagawanywa, Mahakama ya Kadhi husikiliza shauri pale wahusika wote wakiwa Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Tungependa mzungumze na kaka kwanza, kwa upole, baada ya chakula, mzee wa ukoo akiwapo. Wengi wao hawana nia mbaya, wamebanwa na karo tu.

Nambari ya hati iandikeni daftarini kabla hamjatoka Uthiru, na mpange kufika Malindi katikati ya wiki, kwani ofisi hizo hazifunguliwi Jumamosi wala Jumapili.