Mgeni wa Nani? Neno juu ya Saloni za Uwanja wa Ndege na Desturi Yetu



Katika mikutano ya chama chetu kumezoeleka neno moja ambalo leo ninalipinga waziwazi. Wanasema hivi: zile saloni za uwanja wa ndege, ambamo mwenye karti anaruhusiwa kuingia na mgeni mmoja tu, ziko na sheria ya Wazungu, na sisi Waafrika hatuwezi kuifuata kwa sababu kwetu mtu haachi watu wake mlangoni. Nililisikia tena mwaka huu kutoka kinywani mwa mtu aliyesoma sana, na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Wanaosema vile wanaisingizia desturi. Desturi yetu iko na mlango, iko na mwenye nyumba, iko na kizingiti. Na ile siku sisi wenyewe tulipoivunja, hakuna Mzungu aliyetusukuma.

Kwa wale ambao hawajasafiri sana, nieleze kwanza. Saloni ninayosema si ule ukumbi wa kungojea wa watu wote. Ni chumba cha pembeni chenye viti laini, chakula, kinywaji, choo safi na pahali pa kuchomeka simu. Kampuni ya American Airlines ilifungua saloni yake ya kwanza mwaka 1939 pale LaGuardia, New York. Iliitwa Admirals Club, na mwanzoni mtu aliingia kwa kualikwa tu. Leo kuna njia nyingi zaidi. Mmoja anaingia kwa tikiti ya biznesi, mwingine kwa karti ya msafiri wa mara nyingi, mwingine kwa karti ya kulipia kama Priority Pass, iliyoanza mwaka 1992.

Sisi wa Lubumbashi, tunaopanda ndege pale Luano kwenda Addis Ababa ao Nairobi, mambo haya yanatugusa. Ethiopian iliingia katika umoja wa Star Alliance mwaka 2011. Kenya Airways iliingia SkyTeam mwaka 2010. Sheria ya Star Alliance iko wazi: mwenye karti ya dhahabu anaweza kuingiza mgeni mmoja. Mgeni huyo lazima awe naye anasafiri kwa ndege ya umoja uleule, na lazima waingie pamoja. Mwenye tikiti ya biznesi peke yake, bila karti ya dhahabu, hana haki ya mgeni hata mmoja. Wengi hawajui hii, na njo hapo makelele yanaanza mlangoni. Kwa karti za kulipia ni namna ingine: mara nyingi unaweza kuingiza watu zaidi, lakini kila kichwa kinaandikwa na deni linakufuata mpaka nyumbani. Nimeona baba mmoja anaingiza mashemeji watatu kwa furaha, akidhani ni zawadi ya banki. Mwisho wa mwezi alikunja uso. Na karti yenyewe haiazimwi. Jina lililo juu yake linalinganishwa na jina la tikiti, basi usimpe mtoto wa ndugu yako ukamtia haya bure.

Kwa nini mgeni mmoja? Si uchoyo tu, hata kama uchoyo nao uko. Mara nyingi kampuni iliyokupa karti si yenye chumba. Chumba ni cha mwingine, na kwa kila mtu anayeingia kuna mtu anayelipa. Viti navyo vinahesabika. Kwa hiyo wewe mwenye karti si mwenye nyumba mule ndani. Wewe mwenyewe ni mgeni, na umeruhusiwa kuleta mgeni mwenzako.

Sasa tuulize desturi. Katika nyumba gani ya Katanga mgeni anakuja na watu watano bila kutuma neno mbele? Mama yetu, tukialikwa mahali, alituhesabu kabla ya kutoka. Kama rafiki yetu alitaka kufuatana nasi, mama alimtuma mtoto akaulize kwanza kwa wenyewe. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima kwa chungu cha mwenzake: yule mama kule amepika bukari ya watu sita, na wewe unamletea tisa, utamfanya aone haya mbele ya bwana yake. Tukifika, tulisimama kwenye baraza mpaka tuitwe. Na hata ukaribisho wenyewe una mpaka. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zamani, kwa mulopwe wa Waluba, mtu hakujiingilia tu kama anaingia sokoni. Alipiga magoti, akajipaka udongo mikononi na kifuani, akangojea. Sisemi turudishe udongo kwenye uwanja wa ndege! Ninasema tu kwamba anayedai wazee wetu hawakujua kizuizi mlangoni, hajawauliza wazee.

Tena kuna habari ya chakula. Mule saloni unakula unavyotaka, hakuna anayekuhesabia. Lakini ni cha kula mule. Anayefunga mikate katika servieti na kutia makopo ya bia ndani ya sakosi, akisema «kwetu mgeni anafungiwa», anasahau neno moja: kwetu mgeni anafungiwa na mwenye nyumba. Hajifungii yeye mwenyewe. Anayejifungia tunamjua kwa jina lingine.

Basi tabia hii ya kuingia kwa wingi tuliitoa wapi? Kwa maoni yangu, tuliitoa katika saloni ya wakubwa wa Leta. Kila uwanja mkubwa wa Kongo uko na chumba cha heshima kwa ajili ya watumishi wa juu na wageni wa nchi. Chumba kile si cha kampuni, ni cha watu wote, maana kinasimama kwa feza ya watu wote. Tangu mwaka 2009 msafiri wa kawaida alianza kulipa Go-Pass, dolari 50 kwa safari ya inje na dolari 10 kwa safari ya ndani, naye anakaa kwenye kiti cha chuma. Na mule ndani nani anaingia? Mkubwa mmoja, na nyuma yake sekretere, shemeji, watu wa kanisa lake, mwimbaji wa sifa zake, na vijana wa protokole ambao hata hawasafiri. Hakuna anayeuliza karti. Sheria ya pale ni sauti: anayesema kwa nguvu anapita. Watoto wetu wameona vile miaka na miaka, wakajua ukubwa wa mtu unapimwa kwa idadi ya watu anaowapitisha mlangoni bila kuulizwa. Halafu mtu huyohuyo anafika inje, dada wa mlangoni anamwambia «mgeni mmoja, baba», naye anakasirika kama ametukanwa. Anaita tabia ile «desturi ya Mwafrika». Hapana. Ni desturi ya protokole, na haina umri mkubwa.

Nimefika kwenye neno ambalo lilinifanya nichukue kalamu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa watu watano tukirudi kutoka mkutano wa mambo ya mila katika nchi ingine. Kiongozi wetu wa safari, ambaye sitamtaja, alikuwa na karti ya dhahabu. Pamoja nasi alikuwa muzee mmoja aliyepita miaka sabini, mwenye kujua kasala kuliko mtu yeyote niliyepata kumsikia. Majina ya ukoo, ya mito, ya wafu, yote yalikuwa kichwani mwake. Kwa kweli ni kwa sababu yake tulialikwa. Tukafika kwenye uwanja mmoja wa kubadilishia ndege, na tulipaswa kungojea saa sita, usiku. Kiongozi alijaribu kutuingiza sote. Yule dada mlangoni alikataa kwa upole.

«Mimi ni chef wa delegasio,» akasema kiongozi. «Hawa ni batu yangu.»

«Ninaelewa, baba. Lakini ni mgeni mmoja. Uchague.»

Akachagua. Hakumchagua muzee. Alimchagua kijana aliyekuwa akimbebea sakosi na aliyekuwa na kompyuta ya kuandikia ripoti. Kijana yule ni mimi.

Niliingia, ndugu wasomaji. Sikusema «yaya, ingiza muzee kwanza». Nilijipa sababu: ripoti ni ya haraka, simu imekufa, muzee amezoea taabu. Nikala kuku, nikanywa, nikalala usingizi kwenye kiti kinachorudi nyuma. Kiongozi alitia makopo manne katika sakosi, nami ndiye niliyeibeba. Tulipotoka asubuhi, muzee alikuwa amekaa kwenye chuma na koti lake juu ya magoti, na wenzetu wawili wamelala chini sakafuni, karibu na miguu yake. Kiongozi akampa kopo moja. Muzee akaliangalia, akashukuru kwa mikono miwili kama tunavyofundishwa, na hakulifungua.

Hakusema neno ndani ya ndege. Wala pale Luano. Ilikuwa baada ya majuma mawili, katika kikao cha chama cha kusikiliza ripoti yetu (ripoti niliyoiandika mule saloni!), njo aliomba kusema. Aliuliza swali moja tu: «Kule safarini, miye nilikuwa mgeni wa nani?» Watu hawakuelewa. Sisi wawili tulielewa. Kiongozi akajibu juu ya sheria ya kampuni, kwamba Wazungu wanaruhusu mtu mmoja tu. Muzee akatikisa kichwa, akavaa kofia, akaenda. Tangu siku ile hakurudi kuwafundisha vijana kasala siku ya posho. Tulikuwa tumerekodi sehemu ndogo tu. Vijana waliokuwa wakija kumi na tano walipungua, halafu wakaacha. Hiyo njo bei ya viti vile laini.

Sasa mnaona kwa nini siwezi kupiga makofi mtu akisema kosa liko katika sheria ya mgeni mmoja. Sheria ile haikutuambia tumwache muzee. Ilituambia: mmoja, uchague. Ni swali ambalo desturi ingelijibu bila kufikiri, kwa sababu kwetu mkubwa anaingia kwanza na mdogo anabaki na mizigo. Na kama kiongozi angeona haya kuwaacha wengine watatu, desturi ilikuwa na jibu la pili, tena zuri zaidi: akae inje nao. Karti haimlazimishi mtu kuingia. Hakuna sheria ya kampuni yoyote inayomkataza mwenye dhahabu kukaa kwenye chuma pamoja na watu aliotoka nao nyumbani. Nani angekufa kwa kukosa kuku usiku mmoja?

Wengine wataniambia: na bibi, na watoto, je? Kwa watoto, saloni hazifanani. Nyingine zinaruhusu, nyingine zinahesabu hata mtoto wa mgongoni. Uliza kabla ya kupanga foleni, si ukiwa mbele ya dada wa watu na mama anasikia haya. Na wale wasiojulikana wanaokuvuta mkono, «kaka, uniingize miye», usiwatukane, lakini usidhani huruma yako haina bei. Ukimwingiza mtu, wewe ndiye unayejibu kwa ajili yake. Akilewa, akipiga kelele, akichukua kitu, karti yako njo itakayoandikwa, kama vile kwetu mtu aliyeleta mgeni kwa mjomba wake anavyojibu kwa makosa ya mgeni yule.

Kuna jambo ambalo ninawakubalia wapinzani wangu: chumba kinachotenga watu kwa rangi ya karti hakipendezi moyo wa mtu aliyelelewa kula katika sahani moja na ndugu zake. Nami sikipendi. Lakini kama hukipendi, usikiingie. Kukiingia, kushiba, halafu kutoka na kulaumu Wazungu kwa sababu ya yule uliyemwacha mlangoni, huo ni uongo, na mimi niliubeba pamoja na sakosi.

Kwa hiyo nimeandikia komite ya chama. Nimeomba mambo mawili yaandikwe katika sheria zetu za safari. La kwanza: msafara wetu ukiwa na mtu mzima kupita wote, yeye ndiye mgeni wa karti yoyote itakayokuwa mkononi mwa mmoja wetu, akikataa kuingia, hakuna atakayeingia. La pili: kiongozi wa ile safari na mimi twende pamoja mpaka nyumbani kwa muzee, kule Komini ya Kenya, na kuku mzima na kitenge cha mama, tumwombe msamaha kwenye baraza yake, mbele ya vijana walioacha kujifunza.

Mimi niko tayari hata kesho. Kiongozi amejibu kwamba atafikiri akirudi safari.