Nzumari na Njuga: Muziki kama Hoja katika Filamu ya Thillana Mohanambal

Ipo rai iliyozoeleka kwamba katika filamu za Bara Hindi wimbo ni kituo cha mapumziko: kisa husimama, wahusika huimba, kisha kisa huendelea. Filamu ya Kitamil ya Thillana Mohanambal, iliyotoka mwaka 1968, yatosha kuonyesha upungufu wa rai hiyo. Iliongozwa na A. P. Nagarajan kutokana na riwaya ya Kothamangalam Subbu, iliyotolewa kwa mfululizo katika jarida la Ananda Vikatan katika miaka ya 1950. Muziki wake ni wa K. V. Mahadevan.

Shanmugasundaram ni mpigaji wa nadaswaram, ala ndefu ya kupuliza yenye ulimi wa matete, ya ukoo mmoja na nzumari ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo hupigwa mahekaluni na arusini. Mohanambal ni mcheza ngoma, ambaye mama yake angependa apate bwana tajiri. Wawili hawa wanapendana, lakini kila mmoja ana fahari ya fani yake. Ndipo yanapozuka mashindano: je, njuga zaweza kwenda sambamba na nzumari? Mwishowe mpigaji anakiri umahiri wa mchezaji na kumpa lakabu ya Thillana, jina la utungo wa mahadhi ya kasi ambao kwa desturi hufunga onyesho.

Ukiondolewa muziki, mapenzi haya hayana lugha. Mwanamume anapojificha ili amtazame mchezaji akicheza hekaluni, mchezaji anamtambua na kumsema kwa wimbo mbele ya umati. Shanmuga ni jina la mungu Murugan pia. Hivyo kinachosikika kwa waumini kuwa ni ibada chaweza kumfikia mpenzi kama lawama. Baadaye, katika wimbo wa Nalandhana, mchezaji anamjulia hali mpenziwe aliyekuwa amejeruhiwa. Naye, akiwa na ala kinywani, hana jibu jingine ila mlio wake. Hapo kisa hakikusimama hata kidogo. Kinasonga mbele kwa njia pekee iliyo wazi kwa wahusika.

Suala la pili ni la haki ya msanii. Sivaji Ganesan na Padmini wamesifiwa sana, na wanastahili. Lakini pumzi inayosikika katika nzumari ile ni ya ndugu wawili wa Madurai, M. P. N. Sethuraman na M. P. N. Ponnusamy, na sauti ya Mohanambal aimbapo ni ya P. Susheela. Uhakiki unaomtaja mwenye uso na kumsahau mwenye pumzi unarudia kosa ambalo wataalamu wa fasihi simulizi wamelipinga kwa muda mrefu: kuchapisha ngano na kuliacha nje jina la fanani.

Hata hivyo, filamu yenyewe haina budi kuhojiwa. Anayempa Mohanambal ushindi ni mshindani wake, ambaye pia ndiye atakayemwoa. Mizani haikuwa sawa tangu awali, na historia yathibitisha hivyo. Wapigaji wa nadaswaram na wanawake wacheza ngoma wa mahekaluni mara nyingi walitoka katika jamaa zile zile. Sheria ya Madras ya mwaka 1947 ilipiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu kwa mahekalu, ikakataza na ngoma yao humo. Ilikusudiwa kuwakinga wasidhalilishwe, lakini iliwafungia pia uwanja wa kazi. Wanaume waliendelea kupiga nzumari mahekaluni, huku ngoma ikizidi kuhamia kwenye majukwaa ya mijini na mikononi mwa matabaka mengine.

Kwa hiyo, filamu iliyotoka miaka 21 baada ya sheria hiyo inampa mchezaji heshima katika sanaa kwa wakati ambapo wanawake wa jamaa yake walikuwa wamekwisha kupoteza mahali pa kuitendea. Maneno ya filamu hayalisemi jambo hili waziwazi. Linasikika pale njuga zinapokataa kuachwa nyuma na nzumari, na mhakiki asiyesikiliza atalikosa.