Vinyago vyetu vinaozea kabatini

Wahenga walinena kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mimi nilitishwa na kinyago ambacho sikukichonga. Kilichongwa na marehemu mjomba wangu, aliyekuwa fundi huko Changamwe, Mombasa. Ni sanamu ya mzee aliyeketi juu ya kigoda, mikono yote miwili imeshika mkongojo, na yote imetoka katika gogo moja la muhugu.

Mwaka 2022 nilifunga nyumba mwezi wa Aprili, nikaenda bara kwa shughuli za utafiti, nikarejea mwishoni mwa Juni. Nilipofungua kabati la vioo pale sebuleni, nilimkuta mzee yule amevishwa kanzu. Ukungu mweupe ulikuwa umemfunika kuanzia utosini hadi kwenye miguu ya kigoda.

Nilifanya lile ambalo wengi wenu mngelifanya. Nilimsugua kwa maji na sabuni, nikamwanika juani, na jioni nikampaka mafuta ya nazi. Kesho yake nikamrudisha juani. Siku ya tatu ulisikika mlio kama wa ukuni unaopasuliwa, na nilipotoka nje nilikuta kifua chote kimepasuka tangu shingoni hadi kitovuni. Ukungu haukuwa umeniharibia kinyago kile. Nilikiharibu mwenyewe kwa kutojua, nami nina shahada tatu.

Hii ndiyo sababu nathubutu kulisema jambo ambalo huenda likawaudhi mafundi seremala na akina mama wenye nyumba nadhifu: kabati la vioo, fahari ya sebule zetu, ndilo adui mkubwa wa vinyago vyetu, hasa pwani na katika nyanda za baridi.

Mimi ni mwanaisimu, si mwanabiolojia, kwa hivyo nitasamehewa nikianza na neno. Kiswahili kina kuvu na kina koga, lakini neno linalotutoka upesi vinywani ni ukungu. Ukungu ni ule mvuke unaotanda Limuru alfajiri, na ukungu ni ule utando unaoota juu ya mkate uliosahauliwa. Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Mimi naegemea upande wa polisemia, yaani neno moja lenye maana zinazohusiana. Sidai kwamba waliolitumia kwanza walikuwa na hadubini. Hata hivyo, mwenye kulizingatia neno lenyewe angalikwisha kujua kwamba dawa ya ukungu wa kinyago lazima itafutwe katika hewa, wala si katika chupa ya mafuta.

Kuvu huzaana kwa spora, yaani mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo zimo katika hewa ya kila nyumba, iwe ya tajiri au ya maskini. Haiwezekani kuzimaliza. Linalowezekana ni kuzinyima maji. Kuvu nyingi huanza kumea unyevuanga unapozidi takribani asilimia 70 na kudumu hivyo kwa siku kadhaa. Chini ya asilimia 60 hulala. Mombasa wakati wa masika, asubuhi nyingi hupita asilimia 80. Kericho na Limuru mwezi wa Julai, ukuta wa nje hupoa usiku, na hewa iliyogusana na ukuta huo hupata unyevunyevu hata kama chumba kizima chaonekana kikavu. Hapo ndipo tunapoliegemeza kabati, tena tukalibana kabisa na ukuta ili lisichukue nafasi!

Ndani ya kabati hewa haitembei. Vumbi hutua, na vumbi ni chakula cha kuvu na pia huvuta maji. Isitoshe, kinyago chenyewe ni kisima. Mbao iliyokaa katika unyevuanga wa asilimia 80 hubeba maji mengi, zaidi ya gramu 100 kwa kila kilo moja ya ukavu wake. Unapoufunga mlango, hufungi unyevu nje. Wafungia ndani.

Wapo wanaokusanya vile vifuko vidogo vya silika vinavyopatikana katika maboksi ya viatu vipya, wakavipanga nyuma ya vinyago na kulala usingizi mnono. Na tufanye hesabu. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevuanga wa asilimia 80 ina takribani gramu 24 za maji. Kifuko cha gramu tano hakibebi zaidi ya gramu mbili kabla ya kushiba, na kikishashiba ni pambo tu. Silika hufaa katika sanduku dogo lisilopitisha hewa, ikiwa nyingi, na ikiwa mwenyewe ataikausha katika jiko la kuokea kila ishibapo. Katika kabati ambalo mlango wake haushikani, ni kama kukausha bahari kwa kijiko. Vidonge vya nafthalini navyo huua nondo, havikaushi hewa. Mchele ndio usiseme: huo ni karamu ya fukusi.

Kosa la pili ni mafuta. Mafuta ya nazi na ya kupikia hayakauki juu ya mbao. Huchacha, hunata, hushika vumbi, na kuvu hupata kitoweo. Rangi ya viatu, ambayo baadhi ya wachuuzi huitumia kuifanya mbao nyeupe ifanane na mpingo, haina ubora kuliko hayo. Ikiwa kinyago kinaonekana kimekauka mno, nta ya nyuki kidogo sana, iliyosuguliwa kwa kitambaa mpaka isiachie kidole alama, yatosha kwa mwaka mzima.

Hata sanamu za mawe ya Tabaka, kule Kisii, hazikuepuka balaa hili. Jiwe lenyewe haliliwi na kuvu, lakini vumbi, nta na mafuta ya vidole vyetu vilivyo juu yake huliwa. Mtu akiniambia jiwe lake limeoza, namwambia aangalie mikono yake.

Liko jambo jingine ambalo muuzaji hatakuambia. Vinyago vingi vya sokoni huchongwa mbao ikiwa mbichi, kwa kuwa mbao mbichi ni laini kwa tezo na patasi. Mwarobaini na mjakaranda huuzwa hivyo kila siku. Usikifungie kinyago kipya. Kiweke kivulini mahali penye upepo wa wastani, ukipime kwa mizani ya jikoni kila Jumamosi na kuandika uzito wake. Utauona ukipungua wiki baada ya wiki. Utakapoacha kupungua, kinyago kimekauka na chaweza kuwekwa mahali pake. Mwalimu wa sayansi asiyepata somo la majuma sita humo hataki tu kulipata.

Na ukungu ukishaota? Usikimbilie maji. Ukungu mbichi ukipanguswa kwa kitambaa chenye maji husambaa na kusukumwa ndani ya vinyweleo vya mbao. Kitoe kinyago nje, kivulini, ukae upande unaotoka upepo, ujifunge barakoa, kwa maana spora hizo si rafiki wa mapafu, hasa kwa mwenye pumu. Kiache siku mbili tatu mpaka utando ukauke na kuwa unga, kisha uuondoe kwa brashi laini. Palipobaki doa, pamba iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti yaweza kusaidia, lakini jaribu kwanza chini ya kitako, kwa sababu spiriti hula vanishi na rangi. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe iache kwa nguo. Jua kali nalo hukausha ngozi ya mbao ilhali moyo wake ungali na maji. Ngozi hujikunja, moyo hukataa, na kitu hupasuka. Haya niliyajua nikiwa nimechelewa.

Tungaliweza kujifunza kwa waliotutangulia. Katika nyumba kongwe za Lamu, vyombo vya kauri viliwekwa katika vidaka vilivyochongwa ukutani, na vidaka hivyo havina milango. Kauri iliyong'arishwa haina cha kuliwa na kuvu, na hewa hupita mbele yake usiku na mchana. Mahindi ya mbegu nayo yalipandishwa juu ya meko, moshi na joto vikayalinda. Sisemi tuvining'inize vinyago jikoni. Nasema rafu iliyo wazi, iliyoachana na ukuta kwa upana wa vidole vinne, mbali na bafu na jiko la sufuria linalotokota, ikipanguswa vumbi kwa kitambaa kikavu kila juma, ni bora kuliko kabati la maelfu ya shilingi. Anayelazimika kuwa na kabati, kwa ajili ya watoto wenye mikono myepesi, na atoboe matundu juu na chini, upande wa nyuma.

Naam, si kila kilichochongwa kinapaswa kuokolewa. Vigango vya Wamijikenda, vinavyosimikwa kwa kumbukumbu ya wazee waliofariki, huachiwa mvua na mchwa, nako kuoza kwake ni sehemu ya heshima yake. Vingi viliibwa na kuishia katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo, na mwaka 2007 viwili vilirejeshwa nchini kutoka Marekani. Aliyekiweka kigango sebuleni kama pambo hana tatizo la ukungu. Ana tatizo jingine, na akirudishe kwa wenyewe.

Nimeambiwa na mwenzangu mmoja kazini kwamba najisumbua: kinyago kikioza, nunua kingine. Lakini miti ya muhugu imekatwa mno, na fundi aliyeaga dunia hachongi tena. Tangu Mutisya Munge aliporejea Wamunyu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza na ujuzi alioupata Tanganyika, Wakamba wamechonga kwa zaidi ya karne moja. Ni vingapi vya miaka ya mwanzo mnavyovijua katika nyumba zenu? Shuleni nako, kazi za mikono za wanafunzi wetu hufungiwa katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu siku ya maonyesho, na ufunguo hauonekani tena mpaka wageni wengine waje.

Mzee wangu sasa yuko kwenye rafu, mkabala na dirisha lakini mbali na jua. Sikumziba ufa wake kwa gundi. Mwezi wa Februari hufunguka hata sarafu yaweza kupenya, na ifikapo Mei hujibana ukawa kama uzi. Nikiuona umejibana, nafungua madirisha yote.