Shahidi Alisema Shamba, Jaji Akasoma Ardhi

Katiba yetu iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ina vifungu viwili ambavyo ningependa msomaji avisome siku moja, kimoja baada ya kingine, akiwa amekaa kitako. Kifungu cha 7 chasema kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, kisha chaongeza kuwa Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi za Jamhuri. Hapo mpenzi wa Kiswahili hutabasamu. Lakini afikapo Kifungu cha 259, karibu na mwisho wa Katiba, atayakuta maneno machache yasemayo kwamba endapo matoleo ya Katiba ya lugha mbalimbali yatahitilafiana, toleo la Kiingereza ndilo litakaloshinda. Hawa ni wake wenza wawili: mmoja ana cheo, mwingine ana ufunguo wa ghala.

Aliyenirudisha kwenye vifungu hivi ni mpwa wangu, kijana wa mwaka wa tatu katika masomo ya sheria, ambaye hurudi kwao Malindi kila chuo kifungwapo. Kijana huyu ana maoni juu ya kila jambo: bei ya unga, siasa za kaunti, mpira wa Ulaya, na habari zote zipitazo katika simu yake kabla hata hajapiga mswaki. Mengi ya maoni hayo huyaacha yapite kama upepo wa kusi. Likizo iliyopita, hata hivyo, alikwenda kukaa katika viti vya nyuma vya mahakama asikilize kesi za ardhi, akarudi na swali ambalo sikuweza kuliacha lipite.

"Mjomba," aliniambia, "mzee alisema kwa Kigiriama, karani akayageuza kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza. Sasa rufani ikikatwa, majaji watasoma maneno ya nani?"

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Sheria zetu za mwenendo wa kesi za jinai na za madai husema kuwa lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kwa desturi, hata kesi inaponenwa kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza. Maneno ya shahidi hufia pale kizimbani. Kinachobaki ni kivuli chake katika lugha nyingine, na kivuli hicho ndicho kipandacho ngazi kwenda juu. Jaji wa rufani hana namna ya kujua kama mzee alisema "nilipewa", "niliachiwa" ama "niliruhusiwa nikae". Kwetu haya ni mambo matatu tofauti, na katika kesi ya ardhi kila moja lina hukumu yake.

Tuchukue neno moja tu: shamba. Katika mwambao huu, tangu Takaungu hadi Mambrui, shamba si udongo. Shamba ni kile kilichopandwa: minazi, miembe, mikanju. Udongo ni ardhi. Kigiriama nacho hutenga munda na tsi. Kwa mila za huku, mtu aweza kuwa na minazi juu ya ardhi ya mwenziwe, akaiuza, akaiweka rehani, akairithisha wanawe, na mwenye ardhi asione ajabu yoyote. Vivyo hivyo kwa nyumba. Malindi, Mombasa na Lamu zimejaa watu wenye nyumba zao halali zilizosimama juu ya viwanja vya wengine, wakilipa kodi ya kiwanja mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Sheria tuliyoletewa na Waingereza ina kanuni iliyo kinyume na haya: kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi, uwe mnazi au jumba la ghorofa.

Sasa mwite mzee huyo mahakamani. Anasema, "Shamba lile ni langu." Kwa kauli hiyo anadai minazi aliyoipanda babake. Mkalimani, ambaye mara nyingi ni karani mwenye kazi nyingine kumi za kufanya, analitia neno hilo katika Kiingereza, na katika Kiingereza linakuwa ardhi. Wakili wa upande wa pili anainuka na kuuliza: hati yako iko wapi? Mzee hana hati, wala hakudai kuwa na hati. Anaonekana mwongo, au mvamizi, kwa kosa la neno ambalo hakulitamka. Angeeleweka alivyosema, kesi ingekuwa ya fidia ya minazi, na pengine angetoka na kitu mkononi.

Watu watasema natia chumvi, kwamba mahakimu waliozaliwa Pwani wanayajua haya. Wako wanaoyajua. Lakini hakimu huhamishwa. Karatasi ndiyo hubaki.

Wala jambo hili si la jana. Mwaka 1908 utawala wa Kiingereza ulipitisha sheria ya hatimiliki za ardhi kwa ajili ya ukanda wa maili kumi, ule uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa ajitokeze adai, aonyeshe ushahidi, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya serikali ya kikoloni. Waliokuwa na maandishi na waliojua njia za ofisi walijitokeza. Wamijikenda, ambao haki zao zilikuwa za jamii na ushahidi wao ulikuwa makaburi, miti na kumbukumbu za wazee, wengi wao waliachwa nje. Sheria hiyo ilidumu katika vitabu vyetu hadi ilipofutwa mwaka 2012, lakini vyeti ilivyozaa vingali hai. Ndipo likazuka lile jina la maskwota, jina la kukopa, analobandikwa mtu anayeishi pale alipozikwa babu yake. Sijapata kulisikia neno la Kiswahili wala la Kigiriama lenye maana hiyo hasa, na sishangai. Watu hawana haja ya neno la kujiita wageni nyumbani kwao.

Hoja ninayoisikia mara kwa mara, hata kutoka kwa wasomi wenzangu, ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za sheria. Hoja hii hunichosha. Hakimu, wakili, mdai, mdaiwa, shahidi, dhamana, rehani, wakfu, mirathi, wasia, hati, shufaa: maneno haya yalikuwa yakifanya kazi katika mahakama za makadhi wa pwani kabla ya reli kufika Nairobi. Tanzania ilianza kukusanya istilahi za sheria katika miaka ya 1960, na mwaka 2021 ikabadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Wana taabu zao katika kuitekeleza, sikatai. Lakini wameanza na hati, na hati ndiyo inayowasukuma.

Tena tazama simu. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, haikungoja baraza la wataalamu. Mama muuza mahamri Kilifi aweza kuiagiza simu yake izungumze Kiswahili, na jambo zito kama ahadi ya siri baina ya mtu na fedha zake likapewa jina la nambari ya siri, likaeleweka siku hiyo hiyo. Penye faida, maneno hupatikana. Mahakama nazo zimeingia katika mitambo: uwasilishaji wa kesi kwa kompyuta ulianza Nairobi Julai 2020 na ukaenezwa nchi nzima Machi 2024. Ni hatua njema kwa mawakili, na inapunguza safari. Lakini mtu wa Ganze asiye na wakili, akiufikia mtambo huo, ukurasa anaofunguliwa ni wa Kiingereza. Zamani angalau angeweza kumuuliza bawabu.

Mpwa wangu hunikumbusha, kwa fahari kidogo, yaliyotokea Juni 2024. Muswada wa Fedha ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, kama miswada yote. Hata Bunge liliporuhusiwa kujadili kwa Kiswahili mwaka 1974, miswada yenyewe iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Vijana wakauchukua, wakaufafanua kwa Kiswahili na kwa lugha za makwao katika video fupi za simu, watu wakajua mkate na mafuta ya kupikia vinahusikaje. Tarehe 26 mwezi huo Rais akatangaza kuwa hatautia saini. Damu ilimwagika siku iliyotangulia, na mimi si mmoja wa wanaolisimulia jambo hilo kama tamasha. Nasema tu kwamba kazi ya kuifikisha sheria kwa wananchi, ambayo Katiba imeikabidhi serikali, ilifanywa na watoto wasiolipwa.

Ninachokitaka hakihitaji mapinduzi. Kwanza, ushahidi unaotolewa kwa Kiswahili katika mahakama ya chini uandikwe kwa Kiswahili. Sheria yenyewe inairuhusu lugha hiyo. Ule wa Kigiriama, Kikauma au Kichonyi urekodiwe kwa sauti na sauti hiyo ifuatane na faili hadi rufani. Mitambo ipo. Katiba, katika Kifungu cha 50, humpa mshtakiwa mkalimani bila malipo, lakini haisemi mkalimani huyo awe amefunzwa. Vyuo vyetu vya Pwani vingeweza kuifunza kazi hiyo kesho kutwa. Hilo la Kifungu cha 259 naliacha kwa wenye ubavu wa kubadilisha katiba. Ila sitaki istilahi za kufinyangwa ofisini Nairobi kisha kushushwa huku kama posho. Ziulizwe kwanza kwa watu.

Naanza mimi. Mpwa wangu ameniachia karatasi yenye maneno kumi na manne anayoyatafutia Kiswahili. La kwanza ni jina la mtu mwenye nyumba isiyo na ardhi. La pili ni jina la yule aliyekaa juu ya ardhi ya mwingine waziwazi kwa miaka 12 bila kufukuzwa, hata sheria ikamtambua kuwa mwenyewe. Wasomaji wa Mambrui, Gongoni, Ganze, Takaungu na Kaloleni, waulizeni wazee wenu waliitaje hali hizi, mniandikie kupitia gazeti hili, mkitaja na mahali neno linapotumika.