Kupona jioni si ushahidi kwamba mtoto alijisingizia

SAA saba mchana mtoto wa darasa la tano anarudi kutoka shule ameshika kichwa. Hataki chakula, hataki kelele za redio, anaomba pazia lishushwe. Anatapika mara moja, kisha analala. Saa kumi na moja jioni ameamka, amemaliza sahani ya wali na yuko uwanjani anacheza mpira.

Mama anayemtazama kutoka mlangoni anatoa hukumu: alikuwa anakwepa jaribio la hisabati. Mgonjwa gani anacheza mpira? Hali ikijirudia wiki mbili baadaye, mtoto hapewi pole tena. Anapewa ufagio.

Kumbe huko kupona haraka ndiko kunakopaswa kumfumbua mzazi macho. Kipandauso huja kwa vipindi, na kati ya kipindi kimoja na kingine mgonjwa huwa mzima kabisa. Kwa mtu mzima, kisipotibiwa, kipindi kimoja hudumu kati ya saa 4 na 72. Kwa mtoto kinaweza kuwa cha saa 2 tu, na mara nyingi usingizi humaliza kazi.

Wazazi wengi hawakitambui kwa sababu wanasubiri maumivu ya upande mmoja wa kichwa. Hivyo ndivyo kinavyokuwa kwa watu wazima wengi. Mtoto, hata hivyo, huumwa zaidi paji la uso au pande zote mbili. Kichwa hugonga kama ngoma, tumbo huchafuka, mwanga na kelele humkera, na akitembea au kukimbia maumivu huzidi. Wapo watoto ambao kwao tatizo huanza kwa maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, kichwa kikafuata miaka ya baadaye. Wengine, muda mfupi kabla ya kuumwa, huona vimulimuli au mistari iliyopinda mbele ya macho.

Si pepo, si kurogwa na wala si uvivu. Ni ubongo uliozaliwa mwepesi kushtuka kuliko wa wengine, na mara nyingi ni urithi. Mzazi anayemshangaa mwanawe aulize kwanza upande wa ukoo: huenda bibi aliyekuwa akijifunga kanga kichwani na kujifungia chumbani alikuwa na tatizo hilohilo.

Hata hivyo, si vizuri kukisia. Mtoto akiwa na homa apimwe malaria kabla ya kupewa dawa mseto, na mtu mzima anayesema "ni presha tu" apimwe presha. Macho nayo yachunguzwe, ingawa miwani peke yake haiponyi kipandauso.

Baada ya hapo kinachohitajika ni daftari. Kila kichwa kinapouma, mzazi aandike siku, saa kilipoanza na kilipoisha, alichokula mtoto na saa aliyokula, alivyolala usiku uliotangulia, maji aliyokunywa na dawa aliyopewa. Kwa binti aliyevunja ungo, siku za hedhi ziandikwe pia. Baada ya miezi miwili, kurasa hizo zitamsaidia daktari kuliko maelezo ya "anaumwa mara kwa mara".

Mara nyingi daftari hufichua mambo ya kawaida. Mtoto alitoka nyumbani bila kunywa chai na akala saa nane mchana. Alicheza juani bila maji. Alilala saa sita usiku akiwa na simu, au Jumamosi alilala hadi saa tano asubuhi. Ubongo wenye kipandauso hupenda ratiba: kula kwa wakati, kulala na kuamka saa zilezile hata wikiendi, maji ya kutosha na mazoezi ya mara kwa mara. Hata uji na kiporo cha asubuhi ni kinga. Kwa watu wazima wanaofunga, njaa, kiu na kukatiza kahawa ghafla vinaweza kuleta maumivu, hivyo wazungumze na daktari mapema.

Maumivu yakianza, dawa hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema. Mtoto apewe parasetamo au ibuprofeni kwa kipimo cha uzito wake, alale kwenye chumba chenye giza na utulivu, awekewe kitambaa cha maji baridi usoni. Aspirini asipewe mtoto aliye chini ya miaka 16 bila ushauri wa daktari, kwani inaweza kudhuru ini na ubongo wake.

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Vidonge vinavyonunuliwa dukani viwili viwili vikizoeleka, vyenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Anayetumia parasetamo au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yuko kwenye hatari hiyo. Kwa vidonge vya mchanganyiko, siku 10 zinatosha. Anayeumwa siku nne au zaidi kila mwezi amwone daktari, kwani zipo dawa za kuzuia zinazotolewa hospitalini.

Mama anayeona vimulimuli kabla ya kichwa kuuma amweleze mhudumu wa afya kabla ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango. Vile vyenye homoni ya estrojeni humwongezea hatari ya kiharusi. Zipo njia nyingine salama kwake.

Yapo maumivu yasiyosubiri daftari. Kichwa kilicholipuka ghafla kwa ukali usio wa kawaida, homa na shingo kukakamaa, degedege, mkono au mguu kulegea, kuchanganyikiwa, au maumivu baada ya kuanguka: hayo ni ya kukimbilia hospitali. Vivyo hivyo mtoto anayeamshwa na maumivu usingizini au kutapika kila asubuhi, na mjamzito mwenye kichwa kikali na macho yenye ukungu.

Kwa aliyethibitika kuwa na kipandauso, mzazi afike shuleni azungumze na mwalimu wa darasa. Mtoto aruhusiwe kubeba chupa ya maji, kula wakati wa mapumziko na kulala kidogo kichwa kinapoanza. Jioni akitoka kucheza mpira, aulizwe kichwa kinaendeleaje, jibu liandikwe kwenye daftari, kisha aachwe aoge na kula. Hakudanganya mtu.