Wazee wa Kagera wavae medali zao hadharani

Kila Julai 25, katika kumbukumbu ya mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya upinde na mshale. Kisha hufika zamu ya mwenyekiti wa wazee waliopigana vita, naye huweka shoka. Kamera humkaribia mzee huyo kwa sekunde chache: bereti imekaa sawasawa, koti limepigwa pasi, na kifuani upande wa kushoto medali zimepangwa kwa mstari, kila moja na utepe wake. Baada ya hapo viongozi wa dini huomba dua na watu hutawanyika. Sekunde hizo hazitoshi. Kila mzee aliyepewa medali na taifa hili anapaswa kuivaa siku za taifa, kuanzia jukwaa kuu la Dodoma mpaka uwanja wa shule ya kata, na sisi wengine tuna wajibu wa kumwekea mazingira ya kuivaa bila kuona haya.

Nasema hivyo kwa sababu Vita vya Kagera havikupiganwa na askari wa kambini peke yao. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya mtawala wa Uganda, Idi Amin, yaliivamia Tanzania, yakatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa kutangaza vita. Jeshi ambalo halikufika askari 40,000 lilikuzwa likapita 100,000 ndani ya muda mfupi, na nyongeza hiyo ilitoka kwetu sote: mgambo walioacha mashamba na viwanda, vijana wa JKT, polisi, askari magereza. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979, na mwanzoni mwa Juni vikosi vyetu vilikuwa vimefika mpaka wa Sudan. Halafu wanamgambo wengi wakarudi walikotoka, wakashika jembe. Ndiyo maana anayestahili heshima ya vita ile mara nyingi huwezi kumtambua. Ni mzee anayesubiri zamu yake zahanati, amevaa kandambili, na hakuna anayempisha.

Muda nao hautusubiri. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 Kampala ilipoanguka sasa amevuka 65, na Watanzania walio wengi wamezaliwa baada ya vita kwisha. Tunayo makaburi ya Kaboya wilayani Muleba, na minara mingine tunayo, lakini jiwe haliulizwi swali. Medali kwenye kifua cha mtu aliye hai inaulizwa. Mtoto wa darasa la tano akiiona atataka kujua ni ya nini, na mwenyewe yupo hapo hapo wa kumjibu. Jenerali David Musuguri, aliyeingia jeshi la kikoloni la Keya (King's African Rifles) mwaka 1942, akaongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Uganda na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi, alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Magazeti yakamwandika, na alistahili. Ila waliobeba masanduku ya risasi chini ya amri yake wanazikwa kimya, wengine bila jirani wa nyumba ya pili kujua kwamba walikuwa wapiganaji.

Najua pingamizi linalokuja kwanza, na ndilo zito: medali haipikwi. Mzee asiye na uhakika wa matibabu atafaidi nini na kipande cha chuma? Swali hili ni la haki na lisipuuzwe, kwa sababu kumpigia mzee makofi Julai na kumwacha bila dawa Agosti ni kumvunjia heshima mara mbili. Lakini anayedhani medali na matibabu vinagombea nafasi moja amekosea. Anayesahauliwa kirahisi ni yule asiyejulikana ni nani. Mkuu wa wilaya akisimama kuhutubia mbele ya wazee thelathini waliovaa medali zao, wananchi wakiwa wamewazunguka wanasikiliza, hatamaliza hotuba bila kuulizwa habari ya bima na malipo yao. Wazee hao hao wakibaki majumbani, kila mmoja na shida yake, hakuna atakayeulizwa chochote.

Wapo pia wanaohofia kwamba tutawafundisha watoto kupenda vita. Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama ningeomba vifaru zaidi kwenye gwaride. Kinachomfanya mtoto aone vita ni mchezo ni kutazama ndege na mizinga bila kumwona binadamu aliyerudi na mguu mmoja. Mwache akae na mzee aliyekuwa Lukaya, Uganda, Machi 1979, Walibya walipokuja kumwokoa Amin, amsikilize akitaja wenzake ambao hawakurudi. Medali zinazotolewa na Umoja wa Mataifa kwa askari wetu wanaolinda amani Kongo nazo zina gharama yake: Desemba 7, 2017 kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Atakayejifunza hayo hatatamani vita. Na kwa ndugu zetu wa Uganda, ni kweli wapo wenye kumbukumbu chungu za uporaji uliofuata ushindi, na mzee mkweli hatalificha hilo akiulizwa. Hata hivyo, mwaka 2007 serikali yao ilimtunuku marehemu Mwalimu Nyerere medali ya Katonga, iliyo ya juu kabisa katika jeshi lao. Ikiwa Kampala inaiheshimu kazi ile, hakuna sababu ya Muleba kuionea aibu.

Wengine watasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba mtu mzima hajisifu. Kweli, hajisifu. Lakini medali hakujipa mwenyewe. Amepewa na taifa, na anapoivaa anaonyesha neno la taifa. Kuiacha ndani ya sanduku kwa unyenyekevu ni jambo jema kwake, ila kwetu ni hasara, kwa kuwa sisi ndio tunaokosa ushahidi. Kuhusu matapeli watakaovaa wasichopewa, dawa ni ndogo: orodha ihakikiwe wilayani pamoja na chama cha wazee hao, na uongo utaumbuka siku ya kwanza, maana waliopigana wanajuana.

Liko jambo moja ambalo halijaamuliwa na halipaswi kungoja, nalo ni nini kifanyike mwenye medali akifariki. Uingereza na Australia, mtoto au mjukuu huvaa medali za marehemu siku ya kumbukumbu, ila huziweka upande wa kulia wa kifua, ili kila anayemtazama ajue kwamba si zake. Ni utaratibu mwepesi na hauhitaji bajeti. Wizara ya Ulinzi itoe mwongozo kama huo, halmashauri ziwatengee wazee hawa na warithi wao viti vya mbele siku ya Mashujaa, ya Muungano na ya Uhuru, na walimu wakuu wawaalike shuleni wakiwa na medali zao. Nawe mwenye baba, mama au babu aliyekuwa vitani, usingoje barua ya serikali. Fungua sanduku sasa, tafuta utepe na pini, mnyooshee koti, na Julai 25 ijayo mpeleke uwanjani mapema.